Mkwe Haangaliwi

Nilirudi Mikumi kutoka Kilosa nikiwa na cheti cha semina ndani ya bahasha na vumbi la barabara ya kijiji cha Ulaya kichwani, nikamkuta mama mkwe wangu amesimama kwenye karo la dobi, mikono imezama kwenye povu mpaka viwiko. Semina yenyewe ilikuwa ya wazee wa kanisa, na mada ilikuwa mahusiano ya Mkristo nyumbani na kazini. Mwalimu alichora maduara mawili ubaoni, moja la nyumbani, jingine la kazini. Nyumbani kuna baba, mama na watoto, kila mmoja na wajibu wake. Kazini kuna bwana na mtumishi, bwana asitishe, mtumishi asitegee. Tusiyachanganye, alisema, fujo zote za dunia zinatoka kwenye kuchanganya. Tukaitikia amina, tukala wali nyama, tukapewa vyeti. Hakuna aliyeuliza mkwe anakaa kwenye duara lipi.

Mimi ni msimamizi wa dobi kwenye hoteli moja ya wageni wanaokuja kuona wanyama. Kazi yangu ni mashuka. Yakitoka kwenye kamba nayapitia moja moja, nayanyanyua kwenye mwanga, natafuta madoa, na lenye doa linarudi kwenye maji. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi na sioni aibu kuisema, ingawa shemeji zangu huniita bwana shuka kila tukikutana kwenye harusi.

Mwenye hoteli, mama mmoja mkali tunayesali naye kanisa moja, alikuwa amemwajiri mama mkwe nikiwa semina. Mama mkwe alikuja getini akasema ni mjane, anajua kufua, basi. Hakusema ni mkwe wa nani. Alijua nafanya kazi hotelini, lakini ni hoteli ipi hakuwahi kuniuliza, maana hakuwahi kuniuliza chochote tangu nimwoe binti yake.

Hapo inabidi nieleze. Babu yangu aliletwa Kilosa na reli, na watu wa reli walichanganyika mpaka mila zao zikabaki za kuokoteza. Ukoo wa mke wangu si hivyo. Wao asili yao ni milima ya Mamboya, wakashuka Kidodi kufuata miwa, na waliposhuka walishuka na mila zao zote. Kwao mkwe haangaliwi usoni. Mkikutana njiani mmoja anapisha na kugeukia majani. Hamli pamoja, hampeani mkono, hamkai chumba kimoja mkiwa wawili. Salamu ni ya mbali, macho chini: shikamoo mama, marahaba baba, imekwisha. Na kitanda, na chochote kinachohusu kitanda, hakitajwi mbele ya mkwe hata kwa bahati mbaya.

Sasa fikiria kazi yangu ni kunyanyua mashuka waliyolalia watu na kutafuta kilichobaki juu yake, na mama mkwe wangu amesimama pembeni na beseni.

Ningeweza kusema haiwezekani, atafutiwe pengine. Nilifika mpaka mlango wa ofisi nikarudi. Mama alikuwa ameacha kulima miwa kwa sababu magoti yalikataa. Alipanga chumba kimoja nyuma ya soko, na alimwambia binti yake wazi kwamba anataka kula jasho lake, asije akalala chini ya paa la mkwe. Kwake hiyo ilikuwa fedheha kuliko njaa. Kazi ile ikimtoka, hakuwa na pa kwenda isipokuwa kwangu. Na kwangu ni vyumba viwili na pazia.

Basi tukaanza kuishi kama mabubu. Kulikuwa na dada mmoja wa kupiga pasi, Mwislamu wa hapa hapa Mikumi, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri, na yeye ndiye aliyekuwa mdomo wetu. Mimi nasimama mlangoni, nikiangalia ukuta, nasema, "Mwambie mama mashuka ya vyumba vya bondeni yaloweshwe kwanza." Mama yuko hatua chache tu, amesikia kila neno, lakini anangoja. Dada wa pasi anageuka, "Mama, anasema ya bondeni yaloweshwe kwanza." Mama anajibu, "Mwambie nimesikia." Dada ananigeukia, "Kasikia."

Siku moja aliweka pasi chini akasema, "Kaka, mimi nilipwe mshahara wa pasi na mshahara wa simu."

Nilicheka. Mama naye alicheka, amegeukia karo. Nafikiri hiyo ndiyo mara pekee tulipocheka pamoja mle ndani.

Ila kukagua kulinishinda. Mama akiwepo, na alikuwepo kila siku isipokuwa Jumapili, sikuweza kunyanyua shuka na kulichunguza. Mikono ilikuwa inakataa. Nikawa namwachia dada wa pasi aangalie anaponyoosha, mimi napanga tu kabatini. Alikuwa na jicho kali, alikuwa anarudisha mengi. Mengine aliyafua mwenyewe kimya kimya, hilo nilikuja kulijua baadaye. Nilimwona mama anachelewa, anasugua shuka moja mpaka wenzake wanamaliza beseni zima, na bado madoa yanabaki. Nikajisemea moyoni huyu mama ni mzembe wa taratibu. Sikumwambia mtu. Ungemwambiaje mke wako kwamba mama yake mzembe?

Dada wa pasi akafiwa na mjomba wake, akaenda msibani Ruaha. Wiki ile ile mgeni mmoja akatoka chumbani na shuka mkononi, akalibwaga mapokezi mbele ya watu. Keshoye mwingine. Mwenye hoteli akaniita.

Ofisini aliyatandaza mashuka mezani, akauliza, "Nani kafua haya?"

Nikamtajia.

"Na nani kakagua?"

Nikaanza kukunja lililokuwa karibu nami. Alikuwa ameshaambiwa habari za ukwe na watu, Mikumi si mji wa kuficha kitu.

"Mzee," akasema, "mimi sina shida na mila za mtu. Lakini wewe ndiye unayetufundisha kwenye jumuiya mambo ya kazi na nyumba. Nenda kaongee naye. Wewe, kwa mdomo wako, siyo kwa kutuma mtu. Mimi nikienda kuongea naye, ataondoka leo hii."

Nilimpitia mchungaji jioni ile. Mchungaji wetu ni mtu mwema, ila ni wa mbali, huko kwao mama mkwe anakumiminia chai na kukutania. Akaniambia Maandiko yako wazi: ndugu yako akikosa, mwendee mkaongee ninyi wawili tu, faraghani. Nikamwambia, mchungaji, mimi na mama mkwe, wawili, faraghani? Akasema ndiyo. Nikamwambia watu wa Mamboya wakisikia nimekaa faragha na mkwe wangu, hilo kosa litakuwa kubwa kuliko doa. Akafikiri, kisha akanikumbusha kwamba hata mtume mmoja, yule mvuvi, mama mkwe wake alikuwa anakaa kwake, na alipopata homa Bwana alimshika mkono akainuka. Nikamjibu kwamba Bwana hakuwa mkwe wake. Aliyekuwa mkwe ni yule mvuvi, na hatuambiwi yeye alisimama wapi. Mchungaji akatabasamu, akasema tuombe. Tukaomba. Nilikuwa nimechoka, nikasinzia katikati ya maombi yake, na ni marefu.

Nyumbani mke wangu alikuwa anachambua mchele. Nilipomweleza hakuinua kichwa.

"Ukimwambia vibaya, utakuwa umenivunjia mama," akasema. "Usipomwambia, anafukuzwa, anakuja hapa. Nitamlaza wapi? Wewe utapita wapi kwenda kuoga?"

"Sasa nifanyeje?"

"Mimi sijasoma semina."

Alhamisi ilikuwa zamu yangu kuongoza jumuiya, na somo, kwa utaratibu uliopangwa tangu mwanzo wa mwaka, lilikuwa hilo hilo: watumishi na mabwana. Nilisoma, nikaeleza kama nilivyoelezwa Kilosa, nikachora hata maduara kwenye kipande cha boksi. Jirani mmoja anayefanya kazi kwa kaka yake akauliza, kaka akikudhulumu, unamnyenyekea kama kaka au unamdai kama bosi? Wote wakanitazama. Mwenye hoteli alikuwepo, mama mkwe naye alikuwepo, nyuma kabisa, karibu na mlango, khanga imefunika kichwa. Nikasema jamani nimechoka, tuimbe. Wakaimba. Ni jumuiya nzuri, haisumbui mtu.

Ijumaa nikaenda. Nilimkuta uani, anaanika. Uani kwa dobi ni peupe, wapishi wanaona, walinzi wanaona, kwa hiyo si faragha, na mashuka yenyewe yalikuwa yametundikwa kwenye kamba. Nikasimama upande huu wa shuka, yeye yuko upande ule. Nilimshukuru Mungu kwa shuka lile. Nilifikiri sasa nitafuata semina na mila kwa pamoja, bila kumkosea mtu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

Alikuwa amejua. Vivuli vya miguu yetu vilikuwa vimetulia chini.

"Mama," nikasema, na lilikuwa neno la kwanza kumwambia mbali na salamu, "mashuka yanatoka na madoa. Wageni wamelalamika. Mwenye hoteli amekasirika. Nimetumwa nikwambie, yakitoka tena hivyo, kazi itakuwa imekwisha."

Maneno yenyewe niliyafanyia mazoezi njia nzima, na bado yalitoka makavu.

Akauliza, "Madoa gani, baba?"

Nikaudhika. Kusema kweli nilipandwa na hasira, kwa sababu kwenye shuka lililokuwa katikati yetu, usawa wa kifua changu, kulikuwa na doa la mvinyo, jekundu, kubwa kama kiganja, na jua lilikuwa linapiga kutoka upande wake. Nikaligusa kwa kidole.

"Si hili hapa."

"Liko wapi?"

"Hapa, mama. Ninapogusa."

Nikaona mkono wake unakuja kwa upande ule, unapapasa kitambaa, unapita juu ya doa, unaenda pembeni, unarudi. Ukakuta kidole changu, ukasimama. Ukaanza kukwangua pale kwa kucha, taratibu, kama mtu anayetafuta kovu kwa kugusa.

"Limetoka?" akauliza.

Nikavuta shuka pembeni nikamwangalia. Sikupanga. Nilimwangalia usoni mwanamke ambaye nimepeleka mahari kwake, nimezaa na binti yake, nimezika mume wake, na sikuwahi kumwona. Macho yake yote mawili yalikuwa na utando, meupe kama maji ya kuoshea mchele. Hakujua namwangalia. Alikuwa ameelekeza uso wake pale shuka lilipokuwa.

Mtoto wa jicho. Mtu yeyote aliyempa mkono na kumtazama angeliona. Mwenye hoteli yeye hutazama vitambaa, hatazami watu. Dada wa pasi aliliona zamani, akaapishwa asiseme. Binti yake alikuwa anakuja kumsalimia jioni, chumbani kwenye giza la kibatari, na mama alikuwa anageuza uso. Na mimi, niliyekuwa naye kutwa nzima, nilikuwa namheshimu.

"Mama, huoni?"

Akavuta khanga mpaka kwenye paji la uso. "Naona mwanga," akasema. "Asiyeona nani atampa mashuka? Nikasema nitasugua kila mahali mara mbili, doa likiwepo litatoka lenyewe." Kisha akasema, "Usimwambie mwanangu."

Nikamwambia mwenye hoteli. Nisingeweza kutomwambia, shuka la mvinyo lilikuwa mikononi mwangu. Aliligeuzageuza shuka lile mezani, akasema yeye si mnyama, lakini asiyeona hawezi kufua mashuka ya wageni, hata mimi najua. Akampa mwezi huo mshahara kamili na kitenge kipya. Wiki iliyofuata mama mkwe akahamia kwangu na begi moja na kinu, na jambo alilolikimbia tangu Kidodi likawa limempata.

Sitaki kuisimulia sana miezi ile. Vyumba viwili na pazia. Mama alilala na watoto upande wa ndani, sisi upande wa mlangoni, kwa hiyo hakuweza kutoka bila kupita kitandani kwetu, na hakuwa tayari kupita. Alijizuia kunywa maji kuanzia alasiri. Mimi nilioga kazini, nilikula kazini, nikirudi nilikohoa kuanzia kwa jirani ili ajifunike. Mke wangu alikonda. Alikuwa anapakua sahani yake anaipeleka nyuma ya pazia, anapakua yangu anaileta nje, yeye mwenyewe anakula amesimama mlangoni katikati, na siku moja akasema amechoka kuwa ukuta. Mimi pia nilikuwa nimechoka, na watu wawili waliochoka hawapeani kitu.

Jumapili kanisani walituombea kama familia ya mfano. Watu walinipa mkono. Nilitaka kuwaambia.

Kuna alasiri mvua ilishuka ghafla, mke wangu yuko sokoni, watoto shuleni, na mama alikuwa ametoka uani kwa kufuata ukuta. Nilimwona kutoka kibarazani amesimama katikati ya matope, khanga imelowa, hajui nyumba iko upande gani. Hakuita. Angeita nani, na nyumbani niko mimi? Nikachukua mwavuli uliovunjika, nikaenda, nikamnyooshea ncha, nikasema, "Shika hapo, mama." Akashika. Tukaanza kutembea, mimi nimeshika kipini, yeye ncha, mwavuli umenyooka katikati yetu, na niliona huo ni ufumbuzi safi, mila imetimia na mvua haijamuua. Kwenye ngazi akateleza. Mwavuli ukaanguka, akanikamata mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, na nguvu alizonazo mtu aliyelima miwa maisha yake yote si za mchezo. Tukasimama hivyo. Nikamshika, nikampandisha, nikamwingiza ndani, nikampitisha kitandani kwetu mpaka nyuma ya pazia. Nilirudi kibarazani, nikakaa nje mpaka mke wangu aliporudi, nguo zikinivujia maji.

Nilikuwa na aibu. Na chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine, nilikuwa nimefurahi kwamba hakuanguka. Nikamkumbuka yule mvuvi, ambaye hatuambiwi alisimama wapi. Labda alikuwa nje hivyo hivyo.

Zikaja habari kwamba madaktari wa macho watafika hospitali ya wilaya Kilosa. Tukaenda wote watatu, mama na binti yake wakitangulia mbele, mimi nyuma na chupa ya uji. Foleni ilikuwa ndefu, tukalala kwa ndugu zangu wa reli, keshoye akafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Akatoka na bandeji. Siku iliyofuata tukarudi. Muuguzi akamkalisha kwenye benchi la korido, akambandua plasta polepole, akamwambia, "Fungua, bibi, usiogope."

Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili wa korido, nimeegemea ukuta, mahali panaponistahili.

Mama akafungua jicho. Machozi yakamtoka, likafumba, likafunguka tena. Aliangalia dirisha kwanza. Akaangalia mikono yake, pande zote mbili. Akamwangalia binti yake, akamshika shavu, akasema amekonda, nani kamkondesha. Mke wangu akaanza kulia kimya kimya. Kisha mama akainua uso, akanitazama mimi.

Nilipaswa kuinamisha macho. Nilijua hivyo, na yeye alijua. Sikuyainamisha. Alinitazama kwa utulivu, bila haraka, kama ninavyolitazama shuka kwenye mwanga, kuanzia juu mpaka chini, mvi, mashavu, kola iliyochakaa.

"Kumbe baba umechoka hivi," akasema.

Nikainyoosha kola. Mke wangu alikuwa anatutazama kwa zamu, kama mtu anayengoja kuambiwa afanye nini.

Mama akavuta khanga, akafunika kichwa, akaondoa jicho lake jipya usoni kwangu na kulishusha sakafuni. Akasimama. Mkono wa binti yake ulipokuja kumshika akausukuma taratibu. Akamwambia kwa lugha ya kwao, na mimi baada ya miaka yote hii ninaielewa, ingawa huwa sisemi:

"Mwambie mumeo asogee kidogo, nipite."

Mke wangu akanigeukia. "Anasema usogee, apite."

Nikasogea, nikageukia ukuta. Akapita peke yake mpaka mlangoni.